Kesi ya Kivuli cha Ng'ambo

Nchi yetu ina jina zuri, lakini sitalitaja hapa, maana kibali cha kulitaja hutolewa na idara iliyo ghorofa ya juu kabisa ya jengo la serikali, na lifti ya jengo hilo inaishia ghorofa ya nne. Kwa hiyo nitaiita nchi yetu tu. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Akiiona dirishani kwake, kosa ni la dirisha.

Mji wetu mkuu uko ukingo wa magharibi wa mto. Ukingo wa mashariki, tunatazamana uso kwa uso, kuna mji mkuu wa nchi jirani, ambao sisi huuita Ng'ambo, na wao hutuita sisi Ng'ambo. Zamani watu walivuka kwa pantoni kwenda kuoa, kuzika na kununua vitunguu, wala hakuna aliyeinua shingo kupima urefu wa mji wa mwenzake. Mambo yaligeuka asubuhi moja Mheshimiwa Rais alipokuwa anakunywa chai kwenye roshani, akaona upande wa pili jengo ambalo hakukumbuka kuliona kabla.

"Lile ni nini?" akauliza.

Akajibiwa kuwa ni benki.

"Kwa nini ni refu kuliko Ikulu?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, na kwa kuwa serikali yetu haikai na swali bila jibu, wiki hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Mandhari ya Mji. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Bulungu, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyehamishwa kutoka Wizara ya Mifugo baada ya mifugo kwisha.

Tangu hapo, kila jioni redioni, baada ya taarifa ya habari na kabla ya matangazo ya vifo, ilisomwa Taarifa ya Ulinganisho. Tuliambiwa mji wetu umefikia wapi na Ng'ambo imebaki wapi. Wao walijenga Mnara wa Fahari, sisi tukajenga Mnara wa Heshima. Wao wakaweka antena juu ya mnara wao, sisi tukaweka antena, na juu ya antena mlingoti, na juu ya mlingoti bendera, na Mheshimiwa Bulungu akatoa ufafanuzi kwamba bendera huhesabiwa ikiwa inapepea. Siku zisizo na upepo taarifa ilikuwa fupi. Ng'ambo walipoleta wataalamu kuthibitisha kwamba mnara wao bado unatuzidi, Mheshimiwa akasema kipimo cha haki hakianzii barazani bali chini ya mto, na kwamba upande wetu mto una kina kirefu zaidi. Tulifurahi sana, na asiyefurahi alisaidiwa kufurahi.

Juu ya ghorofa ya nne Mnara wa Heshima haukuwa na mtu. Madirisha yalichorwa mapazia kwa rangi, kazi safi kabisa, na kwa mbali ungesema kuna watu wanaishi humo na wanalala mapema.

*

Chini ya mnara huo, pale mtoni, palikuwa na Gati la Madobi, na hapo ndipo alipokuwa anaishi Sikudhani.

Sikudhani na mumewe Kibwana walikuwa madobi. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya ukuta wa mawe, na uani walifunga kamba za kuanikia. Mke alifua na kuanika, mume alipiga pasi ya mkaa. Walifua nguo za kila aina, lakini kazi iliyowaweka mjini ilikuwa shuka za wodi ya wazazi katika hospitali ya mji. Sikudhani hakuwa msemaji. Mikono yake ilikuwa imechujuka kwa sabuni, na kitu kilichompa raha duniani, ukimtoa mumewe, kilikuwa kupitisha kiganja juu ya shuka iliyokauka vizuri na kusikia joto la jua limebaki ndani yake.

Hawakujaliwa mtoto. Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Mwanamvua, aliyeolewa Ng'ambo na fundi mwashi aitwaye Chande. Mwanamvua naye alikuwa dobi, kwa kuwa wote wawili walifunzwa kufua na marehemu mama yao. Ijumaa hii huyu alipanda pantoni kwenda kwa dada yake, Ijumaa ijayo dada akavuka kwenda kwa mdogo wake. Mwaka huo Mwanamvua alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, baada ya miaka mingi ya kungoja. Walikubaliana kwamba siku zikikaribia atavuka aje kujifungulia kwa Sikudhani, maana mama yao hayupo, na Chande, pamoja na wema wake wote, alikuwa mtu wa kuzimia akiona damu ya kuku.

Basi mnara wetu ulipokuwa unapanda, kivuli chake kilikuwa kinashuka. Mwanzoni kilifika ukutani alasiri. Kisha kikaruka ukuta. Ulipowekwa mlingoti wa mwisho, jua likivuka utosi tu ua wote wa Sikudhani ulikuwa gizagiza, na shuka zilizoanikwa zikibaki zinaning'inia kama watu waliosubirishwa ofisini. Zilianuliwa mbichi. Kibwana alizipigia pasi hadi mkaa ukaisha, zikatoka moshi, bado zikawa na unyevu. Kesho yake zikawa na uvundo.

Matroni wa hospitali alikuja mwenyewe gatini. Alikuwa mama mnene, mstaarabu, na hakupandisha sauti.

"Sikudhani, mimi na wewe tumefanya kazi miaka mingi," alisema. "Lakini wazazi wangu wanalalia shuka mbichi. Jana nimezika kichanga kilichokufa kwa kifua. Sisemi ni shuka. Ila siwezi kusema si shuka."

Sikudhani alitazama chini.

"Nipe siku chache, mama," alisema.

Jioni ile hakula. Kibwana alimwambia, "Nenda wizarani ukaseme. Si wanasema mlango uko wazi?"

"Niseme nini?"

"Sema ukweli, kwamba jua letu limezibwa. Labda hawajui."

*

Wizarani alipokelewa na Afisa wa Malalamiko na Pongezi, kijana aliyevaa suti iliyokuwa inanukia uvundo kidogo, kwani hata wakubwa walifuliwa nguo gati lilelile. Sikudhani alieleza shida yake kwa utulivu. Afisa aliandika, akaandika, kisha kalamu ikasimama.

"Mama, kivuli hicho ni cha saa ngapi?"

"Cha mchana, mwanangu. Kuanzia saa saba hivi hadi magharibi."

Afisa aliinuka akafunga dirisha. Akarudi akavuta kiti karibu.

"Cha mchana ni chetu," alisema kwa sauti ya chini. "Kile ni kivuli cha taifa, mama. Huwezi kukilalamikia. Watu wamefungwa kwa kukaa ndani yake bila shukrani. Hebu fikiri vizuri. Asubuhi hakuna kivuli?"

"Asubuhi kipo kidogo, kinatoka kule ng'ambo. Jua likichomoza tu kinagusa ukuta wetu, halafu kinaondoka. Wakati huo hata sijaanza kuloweka."

"Lakini kinagusa?"

"Kinagusa."

"Kinatoka Ng'ambo na kinagusa nyumba yako?"

"Ndiyo, lakini hakina—"

Afisa alikuwa ameshatoka mbio. Sikudhani alibaki peke yake na kiti. Alipowasikia watu wengi wanakuja kwenye ujia alifikiri ni askari, akasimama ili wamkute amesimama. Alikuwa ni Mheshimiwa Bulungu mwenyewe, na nyuma yake wapiga picha.

"Huyu ndiye?" aliuliza Mheshimiwa. Akamshika Sikudhani mabega, akageukia kamera. "Ndugu wananchi, mtazameni mama huyu. Kila alfajiri, wakati yeye amelala usingizi wa raia mwema, kivuli cha kigeni kinavuka mto. Kinavuka bila pasipoti. Kinavuka bila chanjo. Hakipiti forodhani. Kinaingia uani kwa mwanamke wa watu, kinagusa nguo zake, kisha kinarudi kwao kabla polisi hawajaamka. Nauliza, na historia inauliza: huu si uvamizi?"

Wapiga picha walipiga makofi, kwa kuwa nao walikuwa waajiriwa wa wizara.

"Mheshimiwa," alisema Sikudhani, "mimi nilikuja kwa kile cha mchana."

"Ana huzuni," Mheshimiwa aliwaeleza. "Amechanganyikiwa na uvamizi."

*

Jioni hiyo Taarifa ya Ulinganisho ilirefushwa. Sikudhani alitajwa kwa jina la Mama wa Taifa Aliyegubikwa. Alipelekewa kanga mbili na picha kubwa ya Mnara wa Heshima ya kutundika ukutani. Hospitali iliamriwa iendelee kupokea shuka zake, ambazo sasa ziliitwa shuka za uvumilivu. Matroni alizipokea, akawa anazitandaza upya juani mwenyewe kwenye nyasi za hospitali, mpaka alipokatazwa, kwamba kule ni kuikosoa serikali kwa vitendo.

Wiki iliyofuata nchi yetu iliishitaki Ng'ambo kwa uvamizi wa kivuli, Sikudhani akaandikiwa ushahidi wa kusoma, na pantoni ikasimamishwa. Ilikuwa hatua ya muda, tulielezwa, ya kuzuia kivuli kisipate usafiri.

Sikudhani alikwenda gatini kila asubuhi akatazama upande wa pili. Mto wetu ni mpana. Ukingoni kule utaona watu wanatembea, lakini huwezi kumjua mtu.

"Miezi yake imefika mingapi?" Kibwana alimuuliza.

"Wa nane unakwisha."

"Watafungua kabla."

"Wakifungua ni kwa sababu kesi imekwisha. Na kesi haiishi mpaka mimi niseme walichoniandikia."

"Na utasema?"

Sikudhani alisuuza shuka, akaikamua, akaisuuza tena ingawa haikuwa na sabuni. "Nitasema," alisema. "Maneno tu. Niyaseme, pantoni ipite, mtoto wa watu avuke. Mimi sitaki lingine."

Kibwana hakupinga. Lakini usiku ule hakugeuka upande wake kulala, alibaki chali macho wazi, na mkewe alijua.

*

Kesi ilisikilizwa katikati ya mto, kwenye kisiwa cha mchanga kinachojitokeza wakati wa kiangazi. Nchi zote mbili zilikubali pahala hapo kwa kuwa hapakuwa na jengo. Palikuwa na majaji wawili, wetu na wao. Jaji wetu alipokaa, ilionekana kiti cha jaji wao kimemzidi kidogo. Tukaweka mto wa kukalia. Wao wakaweka mito miwili. Likaletwa tofali. Asubuhi yote ikapita katika viti, na kufikia kusomwa kwa mashitaka, waheshimiwa majaji walikuwa wamekaa juu kiasi kwamba mawakili walisema wakitazama mbinguni, na kila upepo ukivuma askari wanne walishika miguu ya viti.

Sikudhani aliitwa kwanza. Alisoma karatasi yake kwa sauti ya mtu anayesoma anuani. Alisema kivuli cha asubuhi kutoka Ng'ambo kimemharibia kazi, nyumba na utulivu wa moyo. Upande wetu ulipiga makofi. Aliinama akarudi mahali pake kwenye mchanga, kwani viti vyote vilikuwa vimetumika kuinulia majaji.

Kisha wakili wa Ng'ambo akasimama. Alisema nchi yake nayo ina mhanga, mwanamke maskini anayegubikwa kila jioni na kivuli cha Mnara wa Heshima, na anaomba aitwe.

Aliyetoka kwenye boti ya upande wa pili alikuwa Mwanamvua.

Alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni, tumbo limeshuka. Alikuwa amevimba miguu. Naye alivalishwa kanga mpya zisizokuwa zake. Hakumtazama dada yake. Alifungua karatasi akaanza kusoma kwamba kivuli cha jioni kutoka Ng'ambo kimemharibia kazi, nyumba na utulivu wa moyo, maneno yaleyale, maana serikali zote mbili zilikuwa na waandishi waliosoma shule moja. Alipofika katikati alinyamaza. Alishika meza. Jua lilikuwa kali, na kisiwa kizima hakikuwa na kivuli hata cha kofia.

"Shahidi aendelee," alisema jaji wao kutoka juu.

"Mpeni kiti," alisema Sikudhani.

Wakili wetu alimgeukia amnyamazishe. Wakili wao alisema kiti kikitolewa kitoke upande wetu, ili isionekane Ng'ambo imepunguza urefu. Wakili wetu akajibu kwamba shahidi si wetu. Wakaanza kubishana. Mwanamvua alikuwa anapumua kwa mdomo.

Sikudhani aliinuka. Alipita katikati ya mawakili, akamshika mdogo wake kwapani, akamketisha mchangani, akakaa nyuma yake ili mgongo wake upate pa kuegemea. Askari walitazamana. Hawakuwa wamepewa amri kuhusu watu wanaokaa.

"Umepata uchungu?" alimnong'oneza.

"Bado. Ni miguu tu. Na kiu."

Sikudhani alipaza sauti, na waliokuwepo wanasema hawakujua kwamba ana sauti ya namna ile. "Waheshimiwa majaji, naomba kuongeza neno. Kivuli kinachoniharibia mimi ni cha mchana, cha mnara wetu. Hiki cha asubuhi kutoka kwao hakijawahi kuniharibia hata leso. Nilipewa karatasi nikasoma. Sasa nimesema. Naomba maji ya huyu, na pantoni ipite."

Mwanamvua, ameegemea kifua cha dada yake, akasema bila kuinua kichwa:

"Na mimi, kinachoniharibia ni cha kwetu cha asubuhi. Wakati chenu kinafika, nimeshaanua."

*

Hapo ndipo nchi zetu mbili, kwa mara ya kwanza tangu kuanza kwa ulinganisho, zilipokubaliana jambo. Ziliomba kesi iahirishwe. Zilikula chakula cha mchana pamoja, samaki wa mto na wali, chini ya turubai la boti, na wahudumu wanasema kulikuwa na vicheko. Iligunduliwa kwamba mashahidi ni ndugu wa tumbo moja. Ikaonekana wazi kuwa pana njama.

Alasiri hukumu ilisomwa na majaji wote wawili kwa pamoja, ili asitangulie mmoja. Kwa kuwa Sikudhani amesema maneno ya kuinufaisha Ng'ambo, nchi yetu haimhitaji, Ng'ambo wamchukue. Kwa kuwa Mwanamvua amesema maneno ya kutunufaisha sisi, Ng'ambo hawamhitaji, tumchukue sisi. Kila mmoja apelekwe leo hii. Kuhusu vivuli, kila nchi ilipewa haki ya kujilinda kwa kuongeza ghorofa.

Sikudhani hakuelewa mara moja. Aliposhikwa mkono ndipo alipouliza, "Yeye anakwenda kwangu?"

"Ndiyo," alisema askari.

"Na mimi nakwenda kwake?"

"Ndiyo, mama."

"Basi tupelekeni wote pamoja upande wowote. Wowote tu."

Askari alisema hukumu haikuandikwa hivyo.

Walipandishwa boti mbili, na kila boti iliwapeleka kwanza upande wao wa zamani, kwa ajili ya kuwafutia uraia mbele ya bendera. Kibwana alikuwa amesimama gatini. Alikuwa amekuja na kibakuli cha wali, akifikiri mkewe atarudi na njaa. Alimpa. Hawakuruhusiwa kukaa. Alimwambia tu, "Nitampokea," na Sikudhani akaitikia kwa kichwa.

Kisha zile boti ziling'oa nanga tena, kila moja ikielekea ukingo wa mwenzake, na katikati ya mto zikakutana. Waendeshaji walikuwa wameamriwa wasisimame. Hawakuwa wameamriwa wasipunguze mwendo, na walipunguza, wote wawili, bila kutazamana.

"Maji ya kunywa yako kwenye mtungi wa ndani," Sikudhani alisema haraka, ameinama ukingoni mwa boti. "Wa nje si wa kunywa. Uchungu ukianza mwambie Kibwana amwite matroni wa hospitali. Mtu mzuri yule. Atakuja hata wakimkataza."

"Chande hapendi pilipili," alisema Mwanamvua. "Na mlango wa nyuma lazima uunyanyue ndipo ufunge."

"Usilalie shuka za kamba ya ukutani, hizo mbichi. Lalia zangu, ziko sandukuni."

"Dada, mimi naogopa."

"Najua. Hata mama aliogopa, aliniambia. Jifungue tu."

"Nikimzaa nimpe jina gani?"

Lakini boti zilikuwa zimeshapishana, na injini haina adabu. Sikudhani alitaja jina. Hajui mpaka leo kama lilisikika.

*

Ng'ambo walimpokea kwa bendi. Waziri wao wa Sura ya Jiji alimwita shujaa aliyekimbia kivuli, akamtunuku cheti. Na sisi, sitaki msomaji adhani tulishindwa kwa ukarimu, tulimpokea Mwanamvua kwa bendi kubwa zaidi, na Mheshimiwa Bulungu alihutubia mpaka mgeni akakalishwa juu ya ngoma. Wiki mbili baadaye hakuna upande uliowakumbuka. Pantoni haikufunguliwa. Ilikatwa vyuma, vikatumika kwenye ghorofa za nyongeza.

Habari zinazofuata ni za upande wa pili, nami nimezipata kwa njia ambayo bado haijapigwa marufuku.

Sikudhani alikaa katika nyumba ya mdogo wake. Chande, kwa heshima, alihamia kulala kwenye kibanda cha mafundi, akawa anakuja jioni kula na kusalimia. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, na tangu siku ile alizidi kukonda. Alikuwa mwashi wa Mnara wa Fahari, kule juu kabisa wanakoongeza ghorofa. Sikudhani alifua gati la Ng'ambo, akaanika. Asubuhi palikuwa na kivuli, mchana jua, magharibi kivuli kingine. Alijifunza saa zake. Kutoka ukingoni aliona ukuta wa mawe wa nyumba yake, na juu ya ukuta hakuona kitu.

Jioni moja Chande alikuja, akanawa, hakukaa.

"Shemeji," alisema, "nimemwona."

"Nani?"

"Mwanamvua. Tumefika juu ya pale pa zamani. Ukisimama kwenye jukwaa la kona, unauona ua wenu, ndani ya ukuta. Ni mdogo kama kisoda, lakini unauona. Alitoka nje, ameshika ukuta. Alikuwa bado mzito."

Sikudhani alikaa chini. "Ulimjuaje?"

"Namjua anavyotembea."

Tangu siku hiyo mwashi Chande alifanya kazi kama aliyepagawa. Alikuwa wa kwanza kupanda na wa mwisho kushuka. Aliwahimiza wenzake, akabeba zege la watu wengine, akagombana na msimamizi kwa kuchelewesha nondo. Kila ghorofa ilipoongezeka aliuona ua vizuri zaidi. Serikali ya Ng'ambo ilimpa medali ya Fundi Mzalendo, na redio yao ikamtaja katika ulinganisho. Kwetu, Mheshimiwa Bulungu aliposikia kasi ile aliagiza na sisi tuongeze mafundi.

Kisha kwa siku kadhaa Chande hakumwona Mwanamvua uani. Alimwona Kibwana, anaingia na kutoka na ndoo. Alimwona mwanamke mnene amevaa nyeupe. Jioni alikula tonge moja akasukuma sahani, na Sikudhani naye akasukuma yake.

Siku iliyofuata alikuja mapema, na vumbi la saruji bado liko kwenye nyusi.

"Kuna nguo ndogo kwenye kamba," alisema.

Sikudhani alifunika mdomo kwa kanga. Alilia, akacheka, akalia. "Ndogo namna gani?"

"Ndogondogo. Nyingi. Kamba nzima. Na yeye mwenyewe nimemwona. Alikuja akazishika moja moja, akaziacha. Wakitupa ghorofa tatu nyingine, shemeji, nitauona mlango. Akitoka amembeba, nitamwona mtoto. Pengine nitajua ni wa kike au wa kiume."

"Utajuaje kutoka kule juu?"

"Sijui. Nitajua."

Sikudhani alipangusa macho. Kisha, kwa kuwa alikuwa dobi na asingeweza kujizuia, akauliza, "Alizishika akaziacha? Hazikuwa zimekauka?"

"Sidhani. Aliziacha pale pale."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Asubuhi, tunamwaga zege. Saa tatu, tatu na nusu."

"Saa tatu na nusu pale kwangu ni jua tupu," alisema Sikudhani. "Hicho cha asubuhi kilikuwa kinagusa ukuta tu, nikianza kuloweka kimeshaondoka. Zilikuwa juani?"

Chande alitazama viganja vyake, vilivyopasuka kwa saruji. Nje, kwenye redio ya jirani, mtangazaji wa Ng'ambo alikuwa anasoma kwa furaha kimo kipya cha Mnara wa Fahari.

"Hapana," alisema Chande. "Zilikuwa kivulini."

Sikudhani hakuuliza kivuli cha nani. Alimpakulia chakula, na safari hii wote wawili walikula. Alfajiri alimwona kutoka gatini, doa dogo juu ya jukwaa la kona, anapanda na ndoo ya zege.